Kituoni, Baada ya Mvua

Tarehe 16 Aprili 1988, wazazi wa Kijapani waliowapeleka watoto wao sinema walikata tiketi moja wakaonyeshwa filamu mbili. Zote mbili zilikuwa za katuni, za aina ile ambayo siku hizi ulimwengu mzima unaiita anime. Zote zilitoka katika nyumba moja, Studio Ghibli, ambayo ilikuwa bado changa maana ilianzishwa mwaka 1985. Wala hakuna iliyotimia dakika 90. Moja ni Tonari no Totoro, yaani Totoro wa Jirani, ya Hayao Miyazaki. Nyingine ni Hotaru no Haka, yaani Kaburi la Vimulimuli, ya Isao Takahata.

Katika ile ya Miyazaki, Satsuki na mdogo wake Mei wanahamia shamba pamoja na baba yao, wapate kuwa karibu na hospitali alikolazwa mama. Ni Japani ya miaka ya 1950, televisheni haijaingia majumbani. Huko wanakutana na Totoro, zimwi kubwa lenye manyoya linaloishi ndani ya mkafuri mkongwe. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili halili mtu kabisa. Kazi yake ni kulala, na likiamka husaidia. Katika ile ya Takahata, Seita mwenye miaka 14 na dada yake Setsuko mwenye miaka minne wanampoteza mama yao katika moto wa mabomu ya Kobe mwaka 1945. Wanakwenda kukaa kwa shangazi wa mbali, wanachokana naye, wanahamia katika handaki kando ya bwawa, na njaa inawamaliza mmoja baada ya mwingine.

Mpenzi wa mashairi hakosi kuiona tiketi ile kama mshororo mmoja wenye ukwapi na utao. Vina vinaitikiana pande zote mbili. Huku kuna msichana wa miaka minne, na huku yupo wa miaka minne. Huku ndugu mkubwa amebeba ulezi usiolingana na umri wake, na huku hali ni hiyo hiyo. Pande zote mama hayupo: mmoja yu kitandani hospitalini, mwingine kafungwa bendeji mwili mzima kisha akafa. Pande zote mvua inanyesha na ndugu wawili wanajibanza chini ya mwavuli mmoja. Na kila upande mtoto mdogo ameshika kitu asichokubali kukiachia: Mei ameshika hindi bichi analotaka kumpelekea mama yake ili apone, na Setsuko ameshika kopo la peremende za Sakuma.

Sinemani filamu hizo hazikuleta fedha nyingi. Sifa ilikuja baadaye, Totoro alipoonyeshwa kwenye televisheni na kushonwa kuwa mwanasesere, hata sura yake ikawa nembo ya studio yenyewe. Leo, popote watu wanapohesabu anime wanazozipenda, filamu hizi mbili hutajwa. La ajabu ni kwamba kuhusu Kaburi la Vimulimuli, aghalabu watu hao hao husema maneno mawili yasiyoonekana kukaa pamoja: kwamba ni katika filamu bora kabisa walizopata kuziona, na kwamba hawana moyo wa kuiona tena. Basi huu ni upendo wa namna gani? Mtu hupenda nini katika kitu asichoweza kukitazama mara mbili?

Majibu ya kawaida yapo, na ni ya kweli. Watu husifu mkono wa wachoraji, kijani cha mashamba ya mpunga, mawingu ya kiangazi, chakula kinachofuka mvuke hata mtazamaji akahisi njaa. Husifu muziki wa Joe Hisaishi katika Totoro, ambao watoto wa Kijapani huuimba shuleni bila kukumbuka kwamba ulianzia katika filamu. Lakini uzuri peke yake hautoshi kueleza jambo hili. Filamu nzuri za kutazamika ni nyingi, na nyingi kati yake husahaulika kabla ya taa za ukumbi kuwashwa. Yumkini jibu limo katika mwaka 1945, na katika wavulana watatu ambao mwaka huo walikuwa hai na wakabaki hai.

Wa kwanza hakuwa mtengenezaji wa filamu. Ni mwandishi Akiyuki Nosaka, aliyeitoa hadithi ya Kaburi la Vimulimuli mwaka 1967 na kupata kwayo Tuzo ya Naoki. Tarehe 5 Juni 1945, akiwa na miaka 14, ndege za Kimarekani ziliichoma Kobe na baba yake wa kulea akaangamia. Nosaka alibaki na dada mdogo wa kulea, kitoto kisichotimiza miaka miwili. Mwezi Agosti mwaka ule ule, huko Fukui, kitoto kile kikafa kwa njaa.

Katika hadithi, Seita ni kaka mwema. Anamwogesha dada yake, anamchezesha, anamwibia miwa na nyanya mashambani, na anapigwa kwa ajili yake. Nosaka alikiri hadharani kwamba yeye hakuwa hivyo. Njaa ilipombana, chakula kilichokuwa haki ya mtoto alikila yeye. Alijua, na hakuacha kujua, mpaka alipofariki mwezi Desemba 2015. Ndani ya kitabu akampa dada yake umri mkubwa zaidi, akampa na ulimi wa kusema na kucheka. Kisha akampa kaka ambaye hakuwa naye. Mwisho akamuua kaka huyo pia, kwa maana katika hadithi Seita hapati kuishi na kuandika vitabu na kupokea tuzo.

Dawa ya deni ni kulipa, husema watu. Lakini mdai akishakufa, naye ni mtoto asiyeacha mrithi, hulipwa nani? Nosaka hakuwa na jibu jingine ila kusimulia.

Wa pili ni Takahata. Alikuwa na miaka tisa tarehe 29 Juni 1945, mabomu ya moto yalipouangukia mji wa Okayama usiku. Alikimbia akiwa katika nguo za kulalia, bila viatu, pamoja na dada yake, wakiwa wamepoteana na wazazi. Wao waliokolewa. Miaka 43 baadaye aliposhika hadithi ya Nosaka, hakuwa na haja ya kuuliza jinsi mabomu yale yanavyotua juu ya mapaa, wala miguu ya mtoto inavyotafuta pa kukanyaga palipo baridi.

Wa tatu ni Miyazaki, mdogo kuliko wote, mwenye miaka minne na nusu. Baba yake alikuwa katika biashara ya familia ya kutengeneza vipuri vya ndege za kivita, kwa hiyo nyumbani kwao vita vilikuwa pia riziki. Mwezi Julai 1945 mji wa Utsunomiya ulipopigwa mabomu, familia ilitoroka kwa gari la mizigo, kitu ambacho si kila mtu alikuwa nacho wala mafuta yake. Miyazaki amesimulia kwamba njiani mtu mmoja mwenye mtoto aliwasihi wapakiwe. Gari halikusimama. Sauti ile ilibaki nyuma gizani. Mtoto wa miaka minne hana mamlaka juu ya gari la wakubwa, hilo kila mtu analijua. Hata hivyo mtu mzima aliyetoka katika mtoto yule aliendelea kuwaza kwamba lau angepaza sauti akasema simamisheni, huenda wangesimamisha. Na akawaza kwamba angependa kutengeneza filamu ambamo mtoto anasema hivyo.

Sasa na itazamwe tena ile tiketi ya mwaka 1988.

Kaburi la Vimulimuli linaanzia kituoni. Ni stesheni ya treni ya Sannomiya, Kobe, usiku wa tarehe 21 Septemba 1945. Seita ameegemea nguzo, nguo zimechakaa, kichwa kimeinama. Watu wanapita. Mmoja anasema maneno ya kukereka, mwingine anapiga hatua kumkwepa. Vita vimekwisha na kila mmoja ana haraka ya kwenda kwake. Mvulana anakufa pale pale. Mfagiaji anamkuta na kopo la peremende, analitikisa, haelewi kilichomo, analirusha majanini gizani. Mfuniko unafunguka na vipande vya mifupa vinamwagika, na vimulimuli vinaruka. Hiyo ni mifupa ya Setsuko, na filamu yote iliyobaki ni safari ya kurudi nyuma ili mtazamaji ajue imefikaje ndani ya kopo.

Totoro nayo ina kituo. Ni kituo cha basi kando ya msitu, usiku, mvua inanyesha. Satsuki amekuja na mwavuli wa baba yake, ambaye hajashuka katika basi alilotarajiwa. Mei amesinzia mgongoni kwake. Chura anavuka barabara. Halafu kando yao anasimama Totoro, jani kichwani, naye pia anangoja. Satsuki anampa mwavuli wa baba. Zimwi halijui mwavuli ni kitu gani, ila matone yanayodondoka kutoka mtini yanatoa sauti juu ya kitambaa, na sauti ile inalifurahisha, hata likaruka ili miti imwage matone yote kwa pamoja. Kisha linakuja basi ambalo ni paka mwenye miguu mingi na macho ya taa. Linasimama. Totoro anapanda, wasichana wanabaki wakishangaa. Lakini baadaye, Mei anapopotea akiwa na hindi lake, na wanakijiji wanapopapasa bwawani wakihofia wataupata mwili, basi lile linarudi. Linasimama kwa ajili ya Satsuki, linampakia, linamfikisha kwa mdogo wake, na linawachukua wote wawili hadi hospitali kwa mama.

Katika filamu moja mtoto anafia kituoni kwa kuwa hakuna aliyesimama. Katika nyingine mtoto anaokolewa kwa kuwa basi lilisimama. Hakuna haja ya kudai kwamba Miyazaki alipolichora lile paka-basi alikuwa analiwaza gari la mizigo la Utsunomiya. Watunzi hawajui daima wanalipa deni gani. Lakini mtu akizijua habari hizi mbili hawezi tena kulitazama basi lile kama kichekesho tu. Na furaha inayomjaa mtazamaji wa umri wowote mlango wake unapofunguka ni furaha nzito kidogo, yenye machozi kwa ndani, kama ya mtu aliyeona jambo likitendeka lililopaswa kutendeka zamani.

Lipo jambo jingine linalohusu kituo, nalo ni la ufundi. Mwaka 2002 mhakiki wa Kimarekani Roger Ebert alimuuliza Miyazaki kuhusu nyakati zile katika filamu zake ambapo hakuna linalotokea: mtu kakaa, anatazama mto, anashusha pumzi. Miyazaki akamwambia kwamba Wajapani wana neno la hali hiyo, ma. Kisha akapiga makofi mara kadhaa, akaeleza kwamba ule muda ulio kati ya kofi na kofi ndio wenyewe. Pasipo muda huo, alisema, kunabaki mbio tu.

Anayeghani mashairi hahitaji kufundishwa hilo. Anajua kwamba kati ya ukwapi na utao pana pumzi, na kwamba mghani asiyeituza pumzi hiyo huharibu shairi hata kama mizani zimetimia. Neno kituo lenyewe limebeba mambo hayo: mahali pa kusimama gari, mahali pa kutua sauti, na mshororo wa mwisho wa ubeti, pale maana inapokaa chini. Filamu nyingi za watoto haziamini kituo. Zinaogopa mtoto atachoka, kwa hiyo zinamjazia kelele kila sekunde. Hawa wawili walimwamini mtoto. Walimwacha asikilize matone juu ya mwavuli, na ndani ya kimya kile akapata nafasi ya kuyawaza aliyokuwa nayo mwenyewe: mama aliye mgonjwa, hofu isiyosemwa mezani. Miyazaki aliijua hofu hiyo. Mama yake mwenyewe aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo tangu mwaka 1947, na kwa miaka mingi ya utoto wake alikuwa mtu wa kitandani.

Takahata alikitumia kituo kwa namna kali zaidi. Usiku mmoja Seita na Setsuko wanakamata vimulimuli wakawaachilia ndani ya chandarua, na handaki likajaa nuru. Asubuhi wadudu wote wamekufa. Setsuko anawachimbia shimo, na akiwa anawafukia anasema kwamba anajua mama naye kazikwa. Seita alikuwa amemficha habari hiyo. Kamera haina haraka. Inamwacha kaka alie, na inamwacha mtazamaji naye. Katika ushairi wa Kijapani kimulimuli ni alama ya kiangazi na ya roho za wafu tangu karne nyingi, lakini asiyejua hata ubeti mmoja wa Kijapani anaelewa kwa nini mtoto yule anauliza sababu ya vimulimuli kufa mapema hivyo. Hakuna anayemjibu. Filamu haikumdanganya.

Takahata alikana mara nyingi kwamba alitengeneza filamu ya kupinga vita. Watu walishangaa, ilhali sababu iko wazi kwa anayetazama vizuri. Lau filamu ingekuwa ya kulaani ndege tu, mtazamaji angetoka akiwa msafi. Hapa hatoki hivyo. Seita ana kiburi. Alikuwa na njia ya kumwomba radhi shangazi, kuinamisha kichwa, na dada yake pengine angepona. Wengi walioiona wakiwa watoto walimchukia shangazi yule kwa maneno yake makali na ugawaji wake wa wali. Walipoiona ukubwani, nao wakiwa na nyumba na vinywa vya kulisha, walijikuta wanamwelewa, na kule kumwelewa kukawaumiza kuliko chuki ya kwanza. Hii ndiyo sababu mojawapo ya upendo ule usiotaka kurudia. Mtu anajua kwamba akirudi atajikuta mahali pengine: jana alikuwa Setsuko, leo ni Seita, kesho ni yule mpita njia wa Sannomiya mwenye haraka ya kwenda kwake.

Maji yakimwagika hayazoleki, na filamu hizi hazidai kuyazoa. Baada ya hizo Miyazaki alitengeneza nyingine zilizomfikisha mbali. Ile ya mwaka 2001, Sen to Chihiro no Kamikakushi, ilipata Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka 2002 na Oscar mwaka 2003. Kipande kinachokumbukwa na wengi ni cha kimya kabisa: msichana ndani ya treni inayopita juu ya maji, abiria ni vivuli, wanashuka kituo baada ya kituo bila neno. Kwenye sherehe ya Oscar hakwenda. Miaka kadhaa baadaye alisema hakutaka kuitembelea nchi iliyokuwa ikiipiga Iraq mabomu. Mwaka 2023, akiwa na miaka 82, alitoa Kimitachi wa Dō Ikiru ka, nayo ikapata Oscar mwaka 2024. Inaanza na mvulana anayekimbia katika mji unaowaka kuelekea hospitali ambamo mama yake anaungua, na hawahi. Baba wa mvulana huyo ana kiwanda cha vipuri vya ndege za vita. Mzee yule alikuwa bado analipa.

Deni hilo mtazamaji analihisi hata asipolijua. Mtoto naye humtambua mkubwa anayemwonea haya kwa kweli, na humtofautisha na mkubwa anayemchekesha ili anyamaze. Kiwanda kilichotengeneza makopo mekundu ya peremende kama lile la Setsuko kilifungwa mwezi Januari 2023. Habari ilipotangazwa, watu waliyanunua makopo yale ya mwisho kwa pupa, na wengi kati yao walikuwa wakimkumbuka msichana ambaye hakupata kuishi popote ila katika michoro na katika majuto ya kaka mmoja.

Takahata alifariki tarehe 5 Aprili 2018. Mwezi Mei mwaka huo rafiki zake walikusanyika kumuaga katika jumba la makumbusho la Ghibli huko Mitaka, na Miyazaki akasimama kusoma aliyokuwa ameyaandika. Hakuanza na tuzo wala na filamu. Alianza na siku ya kwanza walipozungumza, mwaka 1963, mmoja akiwa na miaka 27 na mwingine 22. Ilikuwa magharibi, alisema. Alikuwa kituoni anangoja basi la kwenda Nerima. Mvua ilikuwa imekatika na madimbwi yalikuwa bado njiani, na kijana mmoja alikuwa anakuja upande wake.

Aliyasoma hayo huku analia, na mara kwa mara ilimlazimu kusimama.